Mji wa Morogoro na Maji ya Uluguru

Jioni ya leo twataka kuwasimulieni habari za mji wa Morogoro: nani aliyeujenga kwanza, kwa sababu gani ulijengwa mahali pale wala si pengine, namna ulivyovunjika, na namna ulivyosimama tena. Wengi wenu mwaujua mji huu kwa kuutazama dirishani tu, mkiwa katika gari la moshi au basi. Mwanunua ndizi na machungwa, mwaiona milima iliyojifunika mawingu, kisha mwaenda zenu. Leo twawaombeni mkae nasi kidogo. Habari za Morogoro ni za zamani kuliko reli, na jambo kubwa katika habari hizo si wafalme wala vita, bali ni maji.

Tuanze na mlima, maana mlima ulikuwako kabla ya mji. Milima ya Uluguru imesimama peke yake katikati ya nchi tambarare, imenyoka toka kaskazini kwenda kusini, na kilele chake kirefu, kiitwacho Kimhandu, chapita futi 8,500. Pepo za bahari zikivuma kutoka mashariki, hazikuti kizuizi kikubwa mpaka zifike hapo. Ndipo hupanda juu, zikapoa, na unyevu wake ukawa mawingu, ukungu na mvua. Upande wa mashariki hupata mvua karibu mwaka mzima. Upande wa magharibi na kaskazini hupata kidogo, kwa kuwa mawingu yamekwisha kumwaga mzigo wake kabla ya kuvuka. Kwa hiyo mtu asimamaye Morogoro wakati wa kiangazi huona jambo la ajabu: miguuni pake majani yamekauka na vumbi laruka, na mbele ya macho yake, mwendo wa saa chache tu kwa miguu, kuna msitu mbichi unaodondoka maji. Humo hutoka mito mingi: Mgeta, Mvuha, Ruvu, Ngerengere, na huo mto Morogoro wenyewe.

Wenyeji wa huko juu ni Waluguru, na hata jina lao latokana na neno la mlima katika lugha yao. Kwa desturi yao mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi ni mali ya ukoo. Mtu hupewa mahali pa kulima, akalima na kula, walakini hakupewa kuuza. Neno hili la ardhi mliweke akilini, maana tutalirudia mbele. Tena yafaa kujua kwamba wakubwa waliosifiwa zaidi katika Uluguru wa zamani hawakusifiwa kwa vita. Kingalu, mkuu wa Kinole katika upande wa mashariki, alijulikana hata nchi za mbali kwa ajili ya kuombea mvua, na watu walimpelekea zawadi wakati wa ukame. Na kusini, huko Kolero, palikuwa na pango la Kolelo ambako watu walikwenda kutambika na kuuliza habari za mvua na mavuno. Wakati wa vita vya Maji Maji, mwaka 1905, jina la Kolelo lilitajwa sana, na serikali ya Wadachi ikaogopa.

Sasa tushuke chini, kwenye njia ya misafara. Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilikuwa na thamani kubwa, na wafanya biashara wa Unguja na Bagamoyo walituma misafara mpaka Unyanyembe na Ujiji. Msafara wa watu mamia huhitaji mambo mawili kila jioni, chakula na maji. Kutoka pwani kwenda bara ilikuwa lazima kuizunguka Uluguru, ama kwa kusini kupitia Zungomero katika nchi ya Wakutu, ama kwa kaskazini kupitia chini ya mlima mahali ulipo mji wa Morogoro. Burton na Speke, Waingereza waliokwenda kutafuta maziwa makuu mwaka 1857, walifuata njia ya kusini. Lakini Burton alikwisha kusikia habari za mtu mmoja mwenye nguvu upande wa pili wa mlima, akaliandika jina lake katika kitabu chake. Mtu huyo ni Kisabengo.

Kisabengo hakuwa Mluguru. Alikuwa mtu wa Uzigua, wala hakuzaliwa katika enzi. Habari zake tumezipata zaidi katika maandiko ya wageni, na wageni hao hawakumpenda. Kwa hiyo yafaa tuzipokee kwa mizani. Wasema kwamba alikuwa mtu wa nguvu za mwili, hodari wa kusema mbele ya watu, na kwamba watumwa waliotoroka pwani walimkimbilia, wakamfanya mkubwa wao. Alikuwa anatafutwa na serikali ya Unguja, naye akaingia bara, akaishika nchi ya Wakami vipande vipande, mpaka akafika chini ya Uluguru. Wasema pia kwamba aliteka watu na kuwauza. Nasi twaona mambo yote mawili yaweza kuwa kweli: mtu yule yule aliyekuwa kimbilio la watoro alikuwa tishio la jirani zake. Katika miaka ile watu wa namna hiyo walikuwa wengi, na walijenga miji kwa sababu mtu asiye na boma hakulala usingizi.

Walakini Kisabengo alikuwa na jicho. Aliutazama mlima, akaitazama njia ya misafara, akachagua mahali ambapo vitu hivyo viwili vyakutana. Mlima ulimpa maji yasiyokatika, na njia ilimpa wageni wenye nguo, shanga na baruti, ambao hawakuweza kupita bila kutoa hongo. Hapo akajenga mji.

Aliyetuachia maelezo mazuri ya mji huo ni Stanley, mwandishi wa magazeti, aliyetumwa kumtafuta Dakta Livingstone. Mwaka 1871 alitoka Bagamoyo, akaifuata njia ya kaskazini, nayo masika ilikuwa imekwisha kuanza. Mwendo wa kutoka Bagamoyo mpaka mji wa Kisabengo aliuhesabu kuwa maili 119. Ulikuwa mwendo wa vituo 14 tu, lakini kwa ajili ya matope, mito iliyojaa na wapagazi waliochelewa nyuma, ulimchukua siku 29. Basi alipofika aliona kitu ambacho hakukitazamia: mji wenye ukuta wa mawe, na mnara katika kila pembe, na milango minne iliyoelekea mashariki, magharibi, kaskazini na kusini. Milango hiyo ilikuwa ya mbao ngumu, imechorwa nakshi kama milango ya pwani. Nyumba zilikuwa za namna ya kibara, zimejengwa vizuri. Kwa makisio yake nyumba zilikuwa kama 1,000, na watu kati ya 3,000 na 5,000. Stanley alikuwa amesafiri Uajemi kabla ya hapo, akasema kwamba ukiiondoa miji mikuu, hakuona huko mji ulioimarishwa kupita huu. Maneno hayo aliyasema mtu ambaye kwa kawaida hakuwa mwepesi wa kuisifu kazi ya Waafrika.

Wakati huo Kisabengo mwenyewe alikuwa amekwisha kufa. Katika uzee wake alikuwa ameliacha jina la Kisabengo akajiita Simbamwene, na mji nao akauita jina hilo. Simba mwalijua, na mwene ni mwenye nchi. Alipokaribia kufa aliusia kwamba atawale binti yake mkubwa, akampa na jina lile. Kwa hiyo Stanley alipofika, Simbamwene aliyetawala alikuwa mwanamke, na wajumbe wake ndio walioyadai malipo ya njia. Huenda wageni walistaajabu. Waluguru na jirani zao, ambao ukoo wao huhesabiwa kwa mama, twadhani hawakustaajabu sana.

Sasa twafika kwenye jambo lililotufanya tuchague habari hizi kwa jioni ya leo. Kisabengo hakutosheka kuwa karibu na mto. Alitaka mto uje kwake. Aliwaamuru watu wachimbe mfereji mkubwa, wa kwenda chini sana, ili sehemu ya maji ya Ngerengere, ambao Stanley aliuandika Ungerengeri, iletwe karibu na kuta za mji. Fikirini kazi hiyo, kwa jembe la mkono na vikapu, bila mashine wala baruti ya kupasulia miamba. Mfereji huo ulikuwa fahari yake. Wanawake wa mjini hawakuwa na haja ya kwenda mbali na mitungi, na adui akiuzingira mji hakuweza kuwaua watu kwa kiu. Kwa miaka mingi ilionekana kwamba mzee alikuwa na akili kupita watu wote.

Halafu ikaja masika ya mwaka 1872. Wazee wa Unguja waliikumbuka masika hiyo muda mrefu, maana tarehe 15 Aprili tufani kuu iliipiga Unguja, ikazamisha vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu na minazi isiyo na hesabu. Bara nako mvua ilinyesha bila kupumzika, mito ikajaa kupita kiasi. Stanley wakati huo alikuwa anarudi pwani, amekwisha kumpata Livingstone kule Ujiji. Alipofika Simbamwene alikuta ukuta wote wa mbele umechukuliwa na maji, na nyumba kama 50 pamoja nao. Malkia alikuwa amekimbia. Maji ya mlima yaliposhuka kwa ghadhabu, yalikuta njia imekwisha kuchimbwa tayari ya kuyaleta mpaka ukutani, nayo yakaifuata. Kisha mto ukajichimbia njia mpya, kiasi cha yadi 300 kutoka mjini, ukaenda zake.

Watu wengine wamesema kwamba ilikuwa adhabu ya Mungu kwa ajili ya kuuza watu. Sisi hatusemi hivyo, maana tufani ile iliwapiga wema na wabaya pamoja. Tunalosema ni dogo zaidi: mtu aliyechimba mfereji aliijua mito ya Uluguru jinsi ilivyo katika miaka ya kawaida, hakujua jinsi inavyoweza kuwa katika mwaka mmoja wa ajabu.

Wala si yeye peke yake duniani. Katika miaka ile ile, upande mwingine wa dunia, mji mwingine ulikuwa unaanzwa kwa mfereji. Huko Marekani, katika nchi ya Arizona ambayo ni jangwa, kuna bonde la mto uitwao Salt River. Watu wa kale waitwao Hohokam walichimba humo mifereji mingi, wakalima kwa karne nyingi, kisha wakatoweka karibu na mwaka 1450, na mifereji yao ikajaa mchanga. Mwaka 1867 mtu mmoja, jina lake Jack Swilling, aliona mifereji hiyo ya kale, akaanza kuifukua, maji yakapita tena, na mashamba yakaota jangwani. Mji uliozaliwa hapo ukaitwa Phoenix, kwa jina la ndege wa hadithi za Wayunani afufukaye katika majivu yake mwenyewe. Nao pia ulipigwa na mto wake: mwaka 1891 mafuriko yaliingia mjini yakabomoa nyumba. Watu wa Phoenix walifanya shauri la kujenga ukuta mkubwa wa mawe juu mlimani ili kulizuia maji, na bwawa hilo, liitwalo Roosevelt, lilimalizika mwaka 1911. Leo Phoenix ni mmoja wa miji mikubwa ya Marekani. Tumewatajieni habari hiyo msije mkadhani kwamba Kisabengo alikuwa mjinga. Alifanya lile ambalo watu wa nchi kavu hufanya kila mahali. Lililompungukia ni kuwako kwa mtu wa kuyazuia maji huko juu.

Mji wa Simbamwene haukupata tena fahari yake ya kwanza. Lakini watu hawakuhama wote, kwa sababu mlima haukuhama. Kizazi cha Kisabengo kiliendelea kuwa na enzi pale, na jina la Kingo, lililo la kizazi hicho, ni jina la mtaa mjini hata leo. Taratibu jina la Simbamwene likaachwa, na mji ukaitwa kwa jina la mto upitao hapo, Morogoro.

Mwanzoni mwa miaka ya 1880 walikuja Mapadre wa Roho Mtakatifu, Wafaransa, ambao walikuwa na misioni yao Bagamoyo tangu mwaka 1868. Walijenga karibu na Morogoro, chini ya mlima, wakawakusanya watu waliokombolewa utumwani, wakawafunza kusoma, useremala na kilimo. Walipanda kahawa. Na baadaye, huko juu Mgeta ambako baridi ni kama ya Ulaya, mboga za kigeni zilishika sana: kabichi, karoti, njegere, viazi. Waluguru walizipokea upesi kuliko walivyopokea mambo mengine ya wageni, kwa sababu waliona fedha yake kwa macho. Mpaka leo vikapu vya mboga za Mgeta hushuka Morogoro na kwenda Dar es Salaam, na wake kwa waume wapandao ile njia ya mlimani na mizigo kichwani hawajaisha.

Wadachi walipoitawala nchi walijenga boma lao Morogoro. Lakini mji ulikua hasa kwa reli. Kazi ya reli ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, na Desemba mwaka 1907 gari la moshi liliingia Morogoro. Mwendo uliomchukua Stanley siku 29 ukawa mwendo wa siku moja. Tena kumbukeni kwamba injini ya mvuke ni mnyama mwenye kiu. Yataka maji mengi na safi, na Morogoro yalikuwako. Reli iliendelea mpaka Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Wapagazi, ambao kwa miaka mingi ndio waliokuwa reli ya nchi, wakapoteza kazi yao. Wengine wakabaki mjini, wakawa makuli, watumishi na wachuuzi.

Nyuma ya reli yakaja mashamba ya katani. Mmea huu si wa kwetu. Mwaka 1893 Dakta Hindorf, Mdachi, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida huko Marekani, na iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Kizazi cha miche hiyo 62 kikaenea nchini, pamoja na nchi kavu ya Morogoro, Kingolwira na Kimamba, kwa kuwa katani hustahimili jua. Wenye mashamba walikuwa Wadachi, na baada yao Wagiriki, Wahindi na Waingereza. Wafanya kazi waliletwa kutoka nchi za mbali, nao wakaitwa manamba, kwa kuwa kila mtu alikuwa na namba yake. Kazi ilihesabiwa kwa kipande cha siku 30. Huko milimani kulichimbwa ulanga, yale madini yang'aayo ambayo huchanika kama karatasi. Hivyo mji wa Morogoro ukajaa watu wa makabila mengi, na Kiswahili kikawa lugha ya mtaani. Tukiruka miaka kidogo, si ajabu kwamba mji wa namna hiyo ulizaa bendi ya dansi iliyosikika nchi nzima, Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944.

Vita vya mwaka 1914 vilipoanza, Gavana Schnee aliona kwamba Dar es Salaam ilikuwa wazi kwa mizinga ya manowari, akaihamisha serikali yake kuja Morogoro. Kwa muda mji huu ukawa makao ya serikali ya nchi nzima, jambo ambalo watu wengi wamelisahau. Tarehe 26 Agosti 1916 jeshi la Jemadari Smuts liliingia mjini. Wadachi walikuwa wamekwisha kuondoka, wamevunja madaraja ya reli, wakaizunguka Uluguru kwenda kusini mpaka Kisaki, na huko wakapigana mwezi wa Septemba. Wapagazi wa majeshi yote mawili walikufa kwa homa, njaa na kuharisha, wengi kuliko askari waliokufa kwa risasi. Hapo mlima ulikuwa kizuizi; majeshi hayakuweza kuupita, yaliuzunguka tu, kama misafara ya zamani.

Baada ya vita Waingereza walitawala, na mji ukaendelea polepole. Lakini mlimani watu waliongezeka, na mashamba yakapanda juu zaidi kwenye miteremko mikali. Wadachi walikuwa wameifanya misitu ya kileleni kuwa hifadhi ya serikali, ili chemchemi zisikauke, na Waingereza wakashika shauri lile lile. Mvua ziliposhuka katika mashamba yaliyo wazi, udongo ulishuka nazo, na mito ikawa na rangi ya chai. Mabwana shamba waliona hatari, na kweli ilikuwa hatari. Dawa waliyochagua ni matuta, yaani kuukata mlima kama ngazi. Tangu mwaka 1950 hivi watu walilazimishwa kuchimba matuta kwa siku maalumu za juma, na asiyechimba alishtakiwa.

Hapa ndipo lile neno la ardhi tulilowaomba mliweke akilini. Mahali pengi katika Uluguru udongo mzuri ni wa juu tu, si mwingi. Ukichimba ngazi, waufukia udongo mzuri na kuufunua mbaya, na mahindi hayaoti vizuri. Mkulima aliliona hilo mwaka wa kwanza. Tena aliona jambo jingine: ardhi ni ya ukoo, naye amepewa kulima tu, je, akiisha kuchimba kwa jasho lake, au serikali ikiisha kuichimbisha, itakuwa ya nani? Maswali hayo yalijibiwa kwa amri. Mwezi wa Julai mwaka 1955, huko Matombo, watu walikusanyika kwa hasira, polisi wakapiga bunduki, na mtu mmoja akafa. Baada ya hapo shauri la kulazimisha matuta liliachwa. Chama cha TANU kilikuwa kimezaliwa mwaka uliotangulia, na katika Uluguru hakikuhitaji kutafuta sana watu wa kukisikiliza.

Sisi twasema wazi kwamba pande zote mbili zilikuwa na neno la kweli. Udongo ulikuwa unakwenda na maji, na matuta yale hayakuwa dawa yake. Tena waliolazimishwa kuyachimba ndio waliokuwa na ujuzi wa mlima, wala hawakuulizwa.

Mji wenyewe baada ya uhuru ulikua mbio. Chuo cha kilimo kilichofunguliwa mwaka 1965 kikawa Chuo Kikuu mwaka 1984, kikapewa jina la Edward Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki mwaka huo huo katika ajali ya gari katika mkoa wa Morogoro. Viwanda vikajengwa. Mahitaji ya maji yakapita nguvu ya mito ya karibu, na kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na katikati ya miaka ya 1980 likajengwa bwawa la Mindu, kuuzuia mto Ngerengere. Mwaonaje? Ni mto ule ule wa Kisabengo. Safari hii maji yalizuiwa upande wa juu wa mji, kama walivyofanya watu wa Phoenix. Lakini bwawa ni chungu, na chungu hujazwa na kile kinachomiminwa ndani yake. Udongo wa miteremko huingia bwawani pamoja na maji, na kila masika nafasi ya maji hupungua kidogo.

Hesabu ya mwaka 2012 ilikuta watu 315,866 katika Manispaa ya Morogoro. Ile ya mwaka 2022 ilikuta 471,409. Mwaka 2008 misitu ya Uluguru iliunganishwa na kufanywa hifadhi ya mazingira asilia, na ndani yake yumo ndege mmoja mwenye kifua cha manjano, wa jamii ya kipwe, ambaye hapatikani mahali pengine po pote duniani. Tarehe 14 Juni 2024 gari jipya la reli, liendalo kwa umeme, lilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na safari hiyo haitimizi saa mbili. Halinywi maji kama yale ya zamani.

Lakini watu wa Dar es Salaam wanayanywa. Mto Morogoro hushuka kutoka msituni, hupita katikati ya mji, huingia Ngerengere. Ngerengere huingia Ruvu, ambao nao umetoka Uluguru upande wa mashariki. Na katika Ruvu ndimo yavutwamo maji mengi ya mji ule mkuu. Yanayobaki huendelea polepole katika mikoko, yakamwagikia baharini karibu na Bagamoyo, pale ambapo misafara ilifunga mizigo yake kuja kwa Simbamwene.